Naomba ushauri: Oxenfree, majibu yanapotea kabla sijamaliza kusoma

Heshima kwenu wakuu. Niko Ujiji, Kigoma, nacheza Oxenfree kwenye kompyuta, ile gemu ya mwaka 2016 ya Alex na kaka yake wa kambo Jonas, vijana wanaokwama kisiwani usiku na kuanza kusumbuliwa na mizimu kupitia redio. Hadithi imenikamata kwelikweli.

Shida ni maongezi. Majibu yanatokea juu ya kichwa cha Alex, na usipochagua upesi yanafifia, stori inaendelea bila wewe. Kiingereza changu si kibaya, ila nikisoma kwanza maneno ya Jonas kule chini, nikipandisha macho nakuta majibu yameshaondoka. Nimejaribu kuvaa hedifoni nisikilize badala ya kusoma. Nikamkalisha na binamu yangu, yeye Kiingereza kinapanda, aniambie nibonyeze lipi. Tukaishia kubishana huku Alex kanyamaza kama bubu. Kuzungusha mawimbi ya redio naweza vizuri tu, hiyo wala hainisumbui.

Sasa naomba mliomaliza mniambie: kunyamaza mara nyingi kunaharibu uhusiano wa Alex na wenzake kiasi cha kubadili mwisho, au anaonekana mpole tu? Hofu yangu kubwa ni kwa Jonas. Na je, Oxenfree II ya 2023, ile ya Riley, nitaielewa nikiwa nimepita ya kwanza kwa mtindo huu?

Tafadhali msinimwagie mwisho wa hadithi.