Chupa ya mafuta inatoka nyeusi tititi, kava ya jarida ni Ijumaa, nisaidieni

picha_roysambu

Habari wadau, nahitaji msaada wa haraka. Niko Roysambu, studio yangu ni sebule tu, nimeizungushia pazia nyeusi nilitoa Gikomba, na kwa miaka miwili nimekuwa nikipigia watu picha za sabuni, viatu na vitenge za kuuza mtandaoni. Wiki iliyopita nikapata kazi kubwa kuliko zote nimewahi kushika, kachupa ka mafuta ya makadamia ya nywele, mililita 100, kioo cha kahawia iliyokolea, kifuniko cha dhahabu, lebo nyeusi yenye maandishi ya dhahabu. Picha moja inaenda kava ya jarida la urembo, toleo la Desemba, na ingine inaenda tangazo la ukurasa mzima mle ndani. Ijumaa lazima nipeane.

Sasa shida ni kwamba chupa inatoka nyeusi tititi kama wino. Nikiongeza mwanga haiwaki, kile naona ni miraba miwili myeupe ya softiboksi imekaa kwa kioo kama madirisha ya matatu. Kifuniko nacho kinanionyesha mimi, tripodi, mpaka mlango wa jikoni. Maandishi ya dhahabu yanatoka kijivu, chupa ikisogea kidogo yanakuwa meusi kabisa hayasomeki. Na ile moja nilidhani ni afadhali nikaituma, dizaina wa jarida akairudisha akasema hakuna pahali pa kuweka jina la jarida. Kamera ni ya megapikseli 24, lenzi ni ile 18-55 ilikuja nayo, taa ni softiboksi mbili (masanduku ya kitambaa ya kulainisha mwanga) za LED za maduka ya Luthuli. Nimekesha siku mbili na hii kitu. Nakosea wapi?

fundi_wa_taa

Kijana, chupa haina shida na hizo taa pia hazina shida. Ukipiga kitenge unaangaza kitenge, lakini ukipiga kioo ama chuma kinachong'aa unapiga picha ya chumba kizima, juu mwanga ukiingia kwa pembe fulani unatoka kwa pembe ile ile na kukuletea chochote kilichoko upande ule. Fanya hivi, weka jicho lako pale lenzi iko utazame kifuniko. Kila kitu unachoona mle ndani ndio picha yako. Kwa hivyo wacha kuangaza chupa, anza kupanga kile chupa inaona.

Nunua rola ya tresing pepa, zile karatasi za watu wa kuchora ramani za nyumba. Ning'iniza moja kila upande wa chupa, karibu kabisa, nje kidogo ya fremu, na taa zikae nyuma ya karatasi. Chupa sasa haioni softiboksi, inaona karatasi. Taa ikikaribia karatasi utapata mstari unaowaka katikati na kufifia taratibu pembeni, ukiirudisha nyuma karatasi yote inawaka sawa. Huo mfifio ndio unafanya chupa ionekane ya mviringo na ya bei, chezea umbali hadi uupate, hata kama ni saa nzima.

Kioo cha kahawia kikiwa na mafuta hakiwaki kwa mwanga wa mbele, kinataka mwanga upite ndani. Kata kadi kwa umbo la chupa ikiwa ndogo kidogo, bandika foili ya jikoni, isimamishe nyuma ya chupa ikiwa imelala kiasi, kisha taa ndogo iipige kutoka juu. Kutoka mbele kadi isionekane hata ncha. Utaona mafuta yamegeuka rangi ya asali.

Dhahabu ikitoka nyeusi ujue inaona giza. Shika kadi nyeupe juu ya lenzi, iinamishe polepole ukiangalia skrini, kuna pembe moja maandishi yatawaka yote pamoja na ukiipita yanazima. Lebo imezunguka chupa kwa hivyo kadi iwe pana. Kifuniko ndicho kigumu zaidi juu kinaona karibu chumba chote, kizungushie tresing pepa kama hema, acha tundu la lenzi peke yake, halafu weka kipande chembamba cha manila nyeusi upande mmoja. Bila huo mstari mweusi dhahabu inafanana na plastiki.

Na usilazimishe vyote viingie kwa picha moja. Kamera isiguswe kwa tripodi, piga moja ya mafuta, moja ya lebo, moja ya kifuniko, moja ya kingo, uziunganishe kwa leya, yaani tabaka moja juu ya nyingine, kwenye Photoshop. Matangazo mengi ya manukato unayoyaona yametengenezwa hivyo.

dada_wa_layout

Nimepanga kurasa za majarida miaka mingi, wacha niongee kuhusu kava juu hapo ndipo wapigapicha wengi wanaumia. Usianze kupiga kabla hujaomba dizaina akupe templeti ya kava. Mwombe faili yenye jina la jarida, pahali pa vichwa vya habari na pahali pa bakodi, uiweke juu ya picha yako hapo hapo kwa kompyuta wakati unapiga. Mara nyingi sehemu ya juu, robo hadi thuluthi, inatakiwa iwe tupu na tulivu, mandhari isiwe na vitu vingi. Kifuniko kinaweza kupanda kidogo mbele ya herufi za jina, inapendeza sana, lakini hiyo mkubaliane.

Ukurasa wa A4 ni milimita 210 kwa 297, unaongeza 3 kila upande za kukatwa na mashine, kwa hivyo picha yako ifike 216 kwa 303. Kwa pikseli 300 kwa inchi hiyo ni kama 2551 kwa 3579. Kamera yako inatosha, lakini isimamishe wima tafadhali! Watu wanapiga ikiwa imelala halafu wanakata katikati, wanatupa zaidi ya nusu ya picha na hakuna nafasi ya kusogeza chochote.

Ingine ni vumbi. Jalada likitoka kwa mashine, unywele mmoja kwa kioo unaonekana kama ufa. Mwambie klayenti akuletee chupa sita hivi, zitazame moja moja kwa mwanga, lebo iliyobandikwa upande hata milimita moja weka kando, chagua ile nzuri kabisa na hiyo uishike na glavu za pamba peke yake. Na usifagie hiyo asubuhi, piga deki na kitambaa chenye maji usiku wa kuamkia.

Rangi pia, uliza watu wa printa wanataka CMYK (zile rangi nne za wino wa kuchapa) ya aina gani, na uombe pruf, nakala ya majaribio, kwa karatasi ile ile ya kava. Hiyo rangi ya asali kwa skrini inang'aa, kwa karatasi inaweza kugeuka matope.

outering_pikseli

Nakubaliana na fundi isipokuwa hapo kwa taa. Taa zikipita kwa tresing pepa, LED ndogo zinakosa nguvu. Atafunga tundu la lenzi hadi f/11 ili chupa yote iwe na fokasi, ISO 100, na hapo shata inaanguka hadi nusu sekunde. Mimi nilikuwa naishi orofa ya nne karibu na Outering na kila lori ikipita picha ilikuwa inatikisika, nikadhani lenzi imeharibika, kumbe ni sakafu. Leya hazitakaa pamoja ukiwa na hiyo shida. Azima flashi mbili na triga ya kuziwasha, shata weka 1/125, taa zote za nyumba zima, flashi inawaka muda mfupi sana hata jengo likitikisika haionekani. Ukikosa kabisa basi piga saa nane usiku na utumie taima ya sekunde 10 usiguse kamera.

LED za bei ya chini pia zinapea dhahabu kaukijani fulani hivi, huwezi kuutoa wote kwa kuediti. Piga na kadi ya kijivu ya kupimia rangi fremu ya kwanza.

Lenzi yako weka 55 na urudi nyuma. Ukitumia 18 karibu, chupa inavimba mabega. Na usiende f/22 ukidhani ndio itakuwa kali zaidi, hapo picha inaanza kulainika.

picha_roysambu

Aki asanteni sana, nimeshaenda kununua tresing pepa na manila. Dizaina amenitumia templeti, na jirani ameniazima flashi mbili. Mambo mawili tu. Klayenti anasema tumwage mafuta tujaze chupa na strungi, chai isiyo na maziwa, ati itawaka vizuri zaidi. Pia amesema atanilipa 15,000 na anataka RAW zote, zile faili ghafi za kamera. Kuna kitu natakiwa kusaini?

studio_ya_ngara

Strungi hapana. Ile kitu inauzwa ndio inapigwa. Mafuta yakionekana mepesi usiyabadilishe, rekebisha ile kadi ya foili. Marekani Campbell's waliweka gololi za kioo chini ya bakuli la supu ili mboga zielee juu kwa tangazo, kesi ikafika kwa tume ya biashara ya huko na mwaka 1970 wakakubali amri ya kuacha. Hapa kwetu Katiba ya 2010 kifungu cha 46 kinataja matangazo ya haki, ya kweli na ya heshima. Vitu vya pembeni sawa, matone ya gliserini na maji nusu kwa nusu kwa chupa ya juisi hakuna shida, juu hauuzi matone. Kwa mafuta ya nywele hata matone siyaoni yakisaidia.

Sasa hiyo ya pili isome vizuri dada ama kaka yangu. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema mtu akikuagiza kazi na wewe si mwajiriwa wake, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwake, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Wengi wetu tunadhani ni kinyume. Mimi nilipiga picha moja ya tangazo la jarida, bila karatasi yoyote, mwaka uliofuata nikaipata kwa bango kubwa la barabarani na sikuwa na la kusema, niliumia sana. Kwa hivyo kabla hujapiga andika barua ya ukurasa mmoja: hakimiliki inabaki kwako, yeye anapata ruhusa ya kava toleo moja na tangazo toleo hilo hilo, mitandao muda fulani mtakaoutaja, bango ni malipo mengine. Msaini wote wawili. Nusu ya pesa ije kwa M-Pesa kabla ya kuwasha taa. RAW usipeane, peana faili zilizokamilika, juu mtu mwingine akiziediti vibaya jina lililo chini ya picha ni lako.

picha_roysambu

Nimerudi. Barua amesaini, amekataa bango lakini mitandao tumekubaliana miezi 6, RAW ameacha. Nimepiga leo kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi. Foili ya kwanza ilikuwa kubwa, ncha zikaonekana pembeni ya shingo ya chupa, nikaikata mara tatu. Ile ya tatu nilipowasha flashi nikaona mafuta yamewaka kutoka chini hadi kwa bega, na kapovu kamoja kadogo kameganda karibu na shingo kanang'aa, sijakatoa. Maandishi yamewaka yote isipokuwa herufi ya mwisho kwa ukingo wa lebo, nimeipigia fremu yake peke yake na kadi ikiwa upande. Kifuniko hakinionyeshi tena. Dizaina ameiweka kwa templeti, kifuniko kimepita mbele ya herufi mbili za jina, amesema ni hiyo. Kesho asubuhi naenda kuona pruf, @dada_wa_layout nikiona ile asali imegeuka matope nianze kurekebisha wapi, kwa picha ama niongee na watu wa mashine kwanza?

dada_wa_layout

Ongea na wao kwanza, ubebe ile chupa yenyewe uiweke kando ya pruf chini ya mwanga mweupe, si kwa simu. Mara nyingi ni saiani, ule wino wa buluu, imezidi kwa kahawia. Wakipunguza kidogo na bado, ndio urudi kwa picha.