Tupeane uzoefu: Ile albamu ya Carpenters ya 1971, ilikupata wapi hapa Mombasa?

Asalaam aleikum wapenzi wa muziki. Leo tuache mabishano, tuzungumze majonzi kidogo. Nasema ile albamu ya tatu ya Carpenters, wale ndugu wawili wa Marekani, iliyotoka Mei 1971 na kuitwa jina lao tu, jalada rangi ya kaki kama bahasha. Karen anaimba, kakake Richard yuko kwenye piano na ndiye mpangaji wa ala.

Naanza mwenyewe. Kwetu Kibokoni ilifika kwa kaseti ya dada yangu, kaseti iliyorekodiwa kutoka kaseti nyingine, inakwaruza mpaka basi. Marehemu baba alikuwa mtu wa taarabu, Juma Bhalo hasa, na Kiingereza chake kilikuwa cha bandarini, cha mizigo na makuli. Lakini ikipigwa hiyo alikuwa hasemi "zima". Siku moja akauliza, "Huyu bibi amefanywa nini?" Na kwa nini asielewe? Bhalo alitia mashairi ya Kiswahili kwenye mahadhi ya filamu za Kihindi, nasi tukalia vilevile.

Ninachokipenda mimi ni kwamba Karen hapandi juu kutafuta huzuni. Anashuka chini, kwenye sauti nzito ambayo waimbaji wengi wa kike huikwepa, na hapigi ukelele. Haya, nanyi leteni.

*Wa Likoni:*
"Rainy Days and Mondays", sina wa pili. Aliyewahi kusimama kwenye foleni ya feri Jumatatu asubuhi, mvua ya masika inamchapa, haitaji kuelezwa. Tena nyimbo yenyewe haina aliyeachwa! Yule mtu ana mpenzi wake na anapendwa, ila moyo umemwinamia tu, hata yeye hajui kwa nini. Ile harmonika ya mwanzo nikiisikia hukumbuka viatu vilivyorowa.

*Wa Kizingo:*
Mimi ni "Superstar", na nitasema kirefu, mnisamehe.

Jirani yetu mmoja, mimi mtoto, alikuwa na mchumba baharia. Meli ikitia nanga Kilindini, mwanamume anakuja na manukato na vitambaa, nyumba nzima inanukia. Kisha anaondoka, na ahadi zake. Mara ya mwisho hakurudi. Hakufa, maana watu walimwona bandari nyingine, hakurudi tu. Yule dada akawa akifua uani huku redio iko dirishani. Hakuwa analia, usidhani. Alikuwa akifua kwa nguvu.

Nilipokuja kuuelewa wimbo nilishtuka. Mwanamke anasikia gita la mtu wake redioni, yule aliyemwambia atarudi, na redio haimjibu. Waliotunga ni Leon Russell na Bonnie Bramlett. Mstari mmoja ulikuwa wa chumbani waziwazi, Richard akaubadilisha uwe wa kuwa pamoja tu. Mimi naona alifanya vizuri. Wimbo wa kungoja ukitaja kitanda, msikilizaji anashika kitanda na kungoja kunapotea. Na husemwa kuwa Karen aliimba akisoma maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi ya kufutia mikono, mara ya kwanza, ikabaki hiyo hiyo. Kuna watu hawahitaji mazoezi.

*Wa Changamwe, mpiga dramu:*
Watu husahau Karen alijiona mpiga dramu kwanza. Lakini kwenye zile nyimbo kubwa studioni alikaa Hal Blaine, na besi ni Joe Osborn. Sikilizeni Osborn peke yake siku moja. Hajionyeshi hata kidogo.

*Wa Tudor:*
Mtanichukia. Nusu ya albamu naruka. Akishika kuimba Richard, mimi napeleka kaseti mbele. Na ule mfululizo wa nyimbo za Bacharach, yule mtunzi wa Kimarekani, unakwenda mbio kama matatu ya Kisauni, hujakaa sawa umeshashushwa.

*Mwanzisha mada:*
Wa Tudor, kwa Richard nakubali. Kwa Bacharach hapana, tutaonana.

*Wa Bamburi:*
Nilipiga kinanda hotelini ufukweni. Wazee wa Kizungu, mke na mume, walikuwa wakiomba "For All We Know", ule uliopata Oscar ya wimbo wa filamu. Wanacheza taratibu, wameshikana, hawazungumzi. Nasi bendi tulikuwa tunausubiri, maana baada yake bahashishi ilikuwa nzuri.

*Wa Mji wa Kale:*
Siwezi kuisikiliza albamu hii bila kukumbuka Karen alivyokwisha. Tarehe 4 Februari 1983, miaka 32, moyo ulichoka baada ya ugonjwa wa kujinyima chakula. Binti yangu naye alipitia hilo, alhamdulillahi amepona. Nyumbani haipigwi nikiwa naye.

*Mwanzisha mada:*
Pole mama, na ahsante kwa kutuambia. Kuna mwenye sahani yenyewe, si kaseti?

*Wa Majengo:*
Ninayo, na jalada lake. Sindano ya gramafoni ndiyo sina. Mwenye kujua fundi anijibu hapa.