Mrejesho: seva ya nyumbani na uniti za Yaka

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kupunguza umeme wa Yaka (wa kulipia kabla) unaoliwa na seva yangu, kompyuta inayowaka saa zote, hapa Kampala. Asanteni sana nyote. Nilianza na ushauri wa kupima kwenye soketi: ile kompyuta kuukuu ya mezani ilivuta wati 100 hata ikiwa imetulia, yaani uniti (kilowati-saa) 72 kwa siku 30. Nimehamishia kila kitu kwenye laptopu iliyovunjika kioo. Wati 15, hazifiki uniti 11! Tena umeme ukikatika betri yake inaibeba, faida ambayo sikuitarajia. Kulaza diski ya nje (ijizime isipotumika) hakujasaidia. Kamera ya getini inaandika humo usiku na mchana, kwa hiyo diski hailali. Sola bado, bei ya betri imenishinda kwa sasa.