Kwa nini seli za Purkinje hufa mapema ubongo unapokosa oksijeni na glukosi?

Mwanafunzi wa tiba:
Ndugu wanajukwaa, nimesoma kwamba mgonjwa aliyeokolewa baada ya moyo kusimama anaweza kubaki na mwendo wa kuyumba na mikono inayotikisika anaponyoosha kushika kitu, hata akili yake ikiwa imerudi. Kinachonitatiza ni kwamba ndani ya serebelamu (ubongo mdogo wa nyuma unaoratibu mwendo) seli za Purkinje, zile seli kubwa za neva zenye matawi mengi, hufa, ilhali seli ndogo za tabaka la chini yake husalia kwa wingi. Je, zote hazikukosa damu kwa wakati mmoja?

Mwalimu wa fiziolojia:
Zilikosa kwa pamoja, ila hazikuumizwa sawa. Seli ya neva hutumia sehemu kubwa ya nishati yake kuendesha pampu zinazotoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Damu ikikatika, ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) huisha kwa dakika chache, pampu husimama, utando hupoteza chaji yake, na glutamati (kemikali inayosisimua seli za neva) hufurika kwenye sinapsi (maungio ya mawasiliano kati ya seli) bila kuondolewa, kwa kuwa visafirishaji vinavyoiondoa navyo hutegemea tofauti ileile ya sodiamu kati ya nje na ndani ya seli. Hapo seli ya Purkinje huponzwa na umbile lake: hupokea sinapsi zaidi ya 100,000 za nyuzi sambamba, mbali na uzi mmoja unaokwea matawi yake na kuyashika mahali pengi, wakati seli ndogo unazozitaja zina matawi manne hivi tu ya kupokea. Glutamati hufungua vipokezi vyake vya aina ya AMPA, kalsiamu hujaa ndani, na vimeng'enya huanza kumeng'enya protini na utando wa seli yenyewe.

Mtafiti wa neva:
Naongeza jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Seli ya Purkinje iliyokomaa ina vipokezi vichache mno vya NMDA (aina nyingine ya vipokezi vya glutamati), kwa hiyo maelezo ya hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu), ambako vipokezi hivyo ndivyo hulaumiwa, yasihamishiwe hapa yalivyo. Tena hazifi zote: zile zenye kimeng'enya cha aldolase C na kisafirishaji cha glutamati cha EAAT4 kwa wingi hustahimili zaidi, ndiyo maana katika wanyama wa maabara vifo huonekana kwa mistari.

Daktari wa wodi ya dharura:
Naomba oksijeni na glukosi zisichukuliwe kuwa kitu kimoja. Mgonjwa wa kisukari aliyejidunga insulini bila kula, sukari ikashuka mno huku damu na oksijeni vikiendelea kufika, huumia zaidi gamba la ubongo mkubwa na hipokampasi. Serebelamu kwa kawaida huponea, pamoja na seli zake za Purkinje, na sababu inayotajwa sana ni kwamba huingiza glukosi kwa ufanisi zaidi kulingana na mahitaji yake. Kuyumba wakati sukari iko chini ni kawaida, na hukoma ikipanda. Kukidumu kwa majuma, binafsi huuliza kwanza kama mgonjwa aliacha kupumua au alipata degedege la muda mrefu kabla ya kufikishwa hospitalini.