Mjadala: Anayeambiwa "rudi kwenu Burundi" atetewe na nani?

Mleta mada, Ulyankulu
Wadau, jirani yangu alienda bombani na mwanawe. Zamu yake ilipofika, dada mmoja akaisogeza pembeni ndoo ya jirani yangu: "Subiri wenye nchi wachote kwanza." Foleni nzima kimya. Wazazi wa mama huyu walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Yeye kazaliwa hapa hapa Tanzania, na uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba na kupewa, anao, kama wenzake zaidi ya 160,000 waliokubaliwa mwaka 2014. Mimi nasema jambo hili lifike serikali ya kijiji, liandikwe, na aliyetukana aitwe. Mnasemaje?

Mchangiaji, Kaliua
Mkuu, maneno ya bombani tuwaachie wazee. Ukimpeleka mtu ofisini unajenga uadui, na kesho watakutana bomba lile lile. Isitoshe, huku utani ni jadi yetu.

Mchangiaji, Kasulu
Hapana ndugu yangu, huo si utani. Mtani akikurushia neno unamrudishia, mnacheka, yanaisha. Huyu mama akirudisha neno ataulizwa karatasi! Mimi ni Muha, na sisi Waha tunaitwa Warundi kila tukivuka mkoa, kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana. Watu hawashtaki kwa sababu ukifika ofisini wa kwanza kuhojiwa uraia ni wewe uliyetukanwa. Kwa hiyo asiende peke yake. Aende na shahidi wa foleni na msaidizi wa kisheria. Wasaidizi hao wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2017 na huduma yao ni bure. Abebe nakala ya cheti cha uraia, kile halisi kibaki nyumbani.

Mleta mada
Hapo kwenye shahidi ndipo penye kazi. Wazee siwakatai, lakini mara nyingi kikao kinaanza kwa kumwambia aliyeumizwa asamehe, kabla mwenzake hajaulizwa lolote. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumbagua mtu kwa kabila au pahali alipotokea, na bomba ni la kijiji. Aliyemtukana mbele ya watu amwombe radhi mbele ya watu hao hao, na kamati ya maji itamke kwamba zamu ni ya aliyewahi. Akirudia, ndipo twende polisi. Nimeshaongea na wawili waliokuwa kwenye foleni. Mmoja amekubali kusema aliyoyasikia, wa pili anaogopa; kesho jioni namrudia.