Mafundi wa Mwanza, kubadilisha kepu na rota ya Kirikuu hakuhitaji kung'oa distributa nzima!

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, asiyependa kelele apite tu.

Mvua zikianza, kuanzia Igoma mpaka Mwaloni Kirumba, Kirikuu, hizi gari ndogo za mizigo, zinamisi asubuhi, yaani injini inakatakata. Inajulikana kwa nini: hewa ya ziwa ina unyevu, kepu (kifuniko cha distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi) ina nyufa, umeme unatorokea pembeni badala ya kwenda kwenye plagi. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni namna mnavyotengeneza.

Injini iko chini ya siti, mkono hauingii vizuri. Basi fundi, kwa uvivu wa kutoa siti, analegeza boliti ya distributa anaichomoa nzima ili afungulie kepu mezani. Hajaweka alama kwenye bodi ya distributa, hajaangalia rota (ile inayozunguka ndani ya kepu kugawa umeme) ilikuwa inaelekea wapi. Akirudisha, jino limeruka, taimingi (wakati wa cheche kuwaka) imeharibika, gari linawaka kwa shida, halina nguvu na linachemsha. Halafu mwenye gari anaambiwa kabureta mbovu. Kabureta imefanya nini jamani?

Bodi ya distributa isipoguswa, taimingi haibadiliki. Chomoa waya hasi wa betri, toa siti na kifuniko cha injini, puliza vumbi kabla ya kufungua chochote. Kama kepu ina skrubu, paka grisi kidogo kwenye ncha ya bisibisi ili skrubu inate, maana ikidondokea kule chini utaitafuta mpaka jioni. Na usichomoe waya zote kwa mkupuo! Inua kepu ya zamani na waya zake, shika mpya kando yake ikielekea upande uleule, hamisha waya mmoja mmoja. Silinda ni tatu tu, waya tatu na wa koili (inayotoa umeme mkubwa wa cheche) katikati, na bado mnazichanganya mpaka gari linapiga risasi kwenye kabureta. Shika ule mpira wa mwisho, zungusha kidogo ndipo uvute. Ukivuta waya wenyewe, kiini kinakatika ndani na kwa nje huoni kitu.

Rota ina upande mmoja tu wa kukaa kwenye shafti. Isukume mpaka chini kabisa. Ikibaki juu kidogo, ukipiga stata inagonga kepu mpya na kuipasua, kisha lawama kwa muuza spea. Skrubu za kepu nazo ni za kubana kwa kiasi, ile ni plastiki.

Sasa msasa. Nani aliwafundisha kusugua vituo vya kepu (vile vyuma vya ndani vinavyopokea umeme) na ncha ya rota? Kila ukisugua unapunguza chuma, pengo linaongezeka, koili inalazimika kutoa volti kubwa zaidi kuruka hapo, mwisho koili inakufa. Ni hivyo hivyo kwa kufunga kepu mpya na kuacha rota ya zamani iliyolika. Hivi vinabadilishwa pamoja.

Kabla ya kununua chochote, angalieni ndani kwa tochi. Mstari mweusi mwembamba kama unywele kutoka kituo kimoja hadi kingine ni njia ya umeme iliyoungua, hausafishiki, tupa. Kile kidude cha kaboni katikati kibonyezeni, lazima kirudi juu chenyewe. Mkikuta oili ndani ya kepu, sili ya shafti imechoka, na ukifunga kepu mpya bila kubadilisha sili, nayo itaharibika.

Nyinyi wa kuosha magari na presha pale ufukweni, mnamwaga maji mpaka chini ya siti ya nini? Kupulizia dawa ya kukausha unyevu kunawasha gari siku hiyo tu. Kepu yenye ufa itamisi tena.

Maduka ya spea nayo! Kepu nyingi mnazouza zina vituo vya alumini, vinaota unga mweupe ndani mapema. Vya shaba vina rangi ya njano, mteja ageuze kepu aone kabla hajalipa. Mkikataa kufungua boksi, tunajua kwa nini.

(Kirikuu mpya zenye koili juu ya kila plagi hazihusiki, msije kubishana hapa.)

Anayejua duka hapa mjini lenye kepu za shaba za Kirikuu ya zamani aweke picha. Ya ndani ya kepu, si ya boksi.