Chembe sahani 14,000: niuze boda nipeleke damu India?

Mpambanaji wa Tegeta: Habari za usiku wakuu. Tangu juzi miguu imejaa madoa mekundu kama ncha ya sindano, nikiyabonyeza hayapotei. Nikipiga mswaki povu linatoka na damu. Nimepima, chembe sahani (zile za kugandisha damu) ni 14,000. Nimesikia kuna kipimo cha kingamwili zilizoshika chembe hizo, damu inasafirishwa India. Mteja wa boda nimeshampata. Ushauri tafadhali.

Bibi Shamba: Pole mwanangu. Majani ya mpapai! Mdogo wangu alipougua dengi 2019 pale Dar tulimtwangia hayo, leo analima.

Maabara Usiku: Bibi, dengi hupona yenyewe kwa wengi. Mkuu, usiuze. Kipimo hicho kinataka chembe zenyewe, nawe umebaki nazo chache, na safarini zinaharibika. Kikitoka hasi bado hakijakutoa kwenye ugonjwa. Damu waliitazama kwa darubini? Kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau chembe wakati mwingine hushikana, mashine ikahesabu pungufu. Na kabla ya madoa ulitumia dawa gani?

Mpambanaji wa Tegeta: Walitazama, ni chache kweli. Dawa sijatumia.

Mzee Busara: Kijana unauza chombo cha kazi, mkeo anajua?

Maabara Usiku: Hata ya dukani?

Mpambanaji wa Tegeta: Basi, kwinini. Nikihisi homa nameza, miaka yote, haijawahi kunidhuru, ndiyo maana sikuitaja. Halafu advansi ya boda nimeshapokea.

Kauzu: Mara hujatumia dawa, mara kwinini. Mtu mwenye 14,000 anachati saa tano usiku? Hii chai.

Maabara Usiku: Si chai. Wenye chache kuliko hizo nimewapokea wakitembea wenyewe. Kwinini inajulikana kwa hili: mwili unatengeneza kingamwili inayoshika chembe pale tu dawa ikiwemo kwenye damu. Unaweza kuizoea miaka, siku moja ikakugeuka. Ukiiacha, mara nyingi chembe hupanda ndani ya wiki hivi. Advansi rudisha. Kwinini usiguse tena, aspirini pia. Kichwa kinauma?

Mpambanaji wa Tegeta: Kizito tangu asubuhi.

Maabara Usiku: Usisubiri kuche. Nenda dharura sasa hivi, na pakiti ya kwinini uwaonyeshe.

Mpambanaji wa Tegeta: Nimemwamsha mke wangu. Pakiti ninayo, zimebaki nne.